Mafia wa kwenye video, mafia wa kwenye shimo

Saa moja ya magharibi, jenereta ikisha kuwaka, chumba cha video kule Kasongo kinajaa vijana ndani ya dakika kumi. Wengi wametoka machimbo, udongo mwekundu bado uko kwenye kucha, wameshuka muji siku mbili tatu kuona familia na kulipa deni la duka. Siku tuliyoingia sisi walionyesha filamu ya zamani, Scarface ya mwaka 1983. Al Pacino anacheza Tony Montana, mkimbizi wa Kuba anayeanza kwa kuosha sahani huko Miami na kuishia ndani ya nyumba kubwa ya kifahari, kokeini imelundikwa juu ya meza kama unga wa muhogo. Mtafsiri anaeleza yote kwa Kiswahili cha Tanzania, na pale asipoelewa anaongeza maneno ya kwake.

Tony alipotokea juu ya ngazi na bunduki yake, chumba kizima kilisimama. Kijana mmoja nyuma yetu akapiga kelele: « Ule njo PDG! » Watu walicheka mpaka risasi hazikusikika tena.

Nje, baada ya filamu, tulimwuliza anampendea nini mtu anayekufa vibaya namna ile. Hakufikiri sana. « Yaya, ule hakuna mutu anamukata. »

Kwa wasomaji ambao hawajashuka shimoni, neno hilo linahitaji maelezo. Kukatwa ndiyo maisha ya mchimbaji wa Kabambare. PDG, yaani mwenye shimo, anatoa kwanza gharama zake: chakula, mbao, mafuta ya pompu. Mwenye udongo anachukua fungu lake. Komite ya machimbo inachukua lake. Mtu wa serikali anapita, mara na karatasi, mara bila karatasi. Kwenye bariere kuna mwenye bunduki, wa jeshi ama wa msituni, naye lazima apate kitu. Mama wanaotwanga mawe wanalipwa kwa mchanga. Mwisho kuna mnunuzi na mzani wake mdogo, uzito upande wa pili ukiwa pengine kijiti cha kiberiti, na huyo mnunuzi ndiye aliyetoa mkopo tangu mwanzo, kwa hiyo bei anaitaja yeye. Kinachobaki ndicho cha mchimbaji. Tony Montana anapendwa juu ya hiyo. Kijana yule hakuwa na haja ya kokeini. Alikuwa anatafuta siku moja tu ambayo hakuna mkono unaingia mfukoni mwake.

Tumeona vema kuandika juu ya hii, kwa sababu wazazi wengi wa Kasongo wanatuambia kwamba filamu ndizo zinaharibu watoto. Sisi hatukatai kabisa. Lakini tukichunguza mafia wa kweli walitoka wapi, tunakuta jambo ambalo filamu zimelificha, na ambalo mchimbaji wa Salamabila angelitambua mara moja.

Siye Wakongo neno mafia tunalitumia ovyo. Anayeiba katika karata ni mafia, anayeuza sukari yenye mchanga ni mafia. Kumbe hata filamu iliyofundisha dunia nzima sura ya mafia haikulitamka neno hilo. Le Parrain, ya Francis Ford Coppola, ilitoka mwaka 1972. Kabla ya kuipiga, watengenezaji walikubaliana na chama kimoja cha Wamarekani wa asili ya Italia huko New York kulifuta neno « mafia » kwenye maandishi ya filamu, kwa kuwa, chama kilisema, linachafua heshima ya Waitalia. Kiongozi wa chama hicho alikuwa Joseph Colombo. Na Colombo mwenyewe alikuwa mkubwa wa moja ya familia tano za mafia za New York! Alipigwa risasi mbele ya watu tarehe 28 Juni 1971, kwenye mkutano wa chama chake, filamu bado inatengenezwa. Aliishi miaka saba akiwa amepooza, akafa 1978.

Basi katika filamu ile tunaona arusi, muziki, baba mzee anayesaidia wanyonge kwa sauti ya chini. Tunapelekwa mpaka Sisilia, kisiwa cha Italia wanakotoka, tunaona vilima na jua. Machimbo hatuyaoni.

Na Sisilia ilikuwa nchi ya machimbo. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya salfa ya dunia, ile ya kutengenezea baruti, dawa na asidi za viwanda, ilitoka kule, katika mashimo ya kuchimbwa kwa mkono. Wachimbaji walikata mwamba kwa sururu. Waliopandisha mawe juu kwa mgongo walikuwa watoto, wengine wa miaka saba au nane, waliitwa carusi. Joto la ndani lilikuwa kali hata wakafanya kazi karibu uchi. Mwaka 1910 Booker T. Washington, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mtumwa, alifika huko kuona kwa macho yake, akarudi na kuandika juu ya watoto hao katika kitabu chake.

Mtoto alipatikana namna gani? Kwa mkopo. Mchimbaji alimpa baba wa mtoto pesa kidogo mkononi, na mtoto akawa wake mpaka pesa irudishwe. Mkopo huo uliitwa soccorso morto, msaada mfu. Kwa mshahara aliopewa, mtoto hakuweza kuurudisha upesi. Wengine walikua wakiwa bado ndani ya deni la baba.

Sasa tuangalie mafia waliingia wapi. Serikali ya Italia ilikuwa mpya na ilikuwa mbali. Salfa ilikuwa na bei nzuri, lakini njia ya kutoka machimboni hadi bandarini ilijaa wezi. Mwenye machimbo alihitaji mtu wa kumlinda. Akajitokeza mtu mwenye bunduki na vijana wake, akasema: mimi nitakulinda, unilipe. Ukikataa, wezi wanakuja usiku, na pengine ni vijana walewale. Mwaka 2015 wataalamu wanne wa uchumi walichapisha utafiti wao: walichukua kumbukumbu za zamani za mahali mafia walikuwa na nguvu mwishoni mwa karne ya 19, wakazilinganisha na ramani ya machimbo. Penye salfa nyingi, mafia walikuwa wengi zaidi. Wengine wamepata jambo kama hilo kwenye mashamba ya malimau, ambayo nayo yalikuwa na thamani na yalikuwa rahisi kuibwa.

Kwa hiyo biashara ya kwanza ya mafia haikuwa kokeini. Walianza kwa kuuza ulinzi mlangoni pa shimo.

Wazee wa kwetu hawana haja ya kwenda Sisilia ili waelewe deni. Kasongo ilikuwa muji wa Tippu Tip, na Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara kutoka Kasongo hadi Ziwa Tanganyika, Ujiji, Tabora na pwani. Tunamkumbuka Tippu Tip kwa bunduki zake, na kwa haki, maana watu wetu walifungwa minyororo. Lakini nyuma ya bunduki kulikuwa na daftari. Misafara yake ilianza na bidhaa za mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja, kama Taria Topan, Mhindi aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa forodha. Tajiri alikaa pwani, hakuona damu. Deni ndilo lililotembea mpaka Maniema, na pembe na watumwa wakatembea kurudi. Njia ile haijafa. Dhahabu ya mashariki ya Kongo, sehemu kubwa bila karatasi, inavuka kwenda Burundi, Rwanda na Uganda, kisha inafika Dubai, na pesa za kununulia zinarudi kwa njia ileile ya mkopo juu ya mkopo. Kontwari anampa mnunuzi mkubwa, mnunuzi mkubwa anampa mdogo, mdogo anampa PDG, PDG anakupa wewe kilo za unga na buti za kazi.

Turudi Salamabila. Wasomaji wetu wa kule wanajua habari hii kuliko sisi, lakini wale wa mbali waisikie. Kampuni ya Banro ya Kanada ilijenga machimbo makubwa ya Namoya, na kuyatangaza kuwa yameanza kazi ya biashara mwanzoni mwa 2016. Wachimbaji wadogo waliokuwa wanaishi kwa vilima vile wakaambiwa watoke. Hasira yao ilikuwa ya kweli, na sisi hatutaiita ujambazi. Halafu hasira ile ikapata mlinzi mwenye bunduki: kundi la Mai-Mai Malaika, la yule anayeitwa Sheikh Assani, lililosema linatetea haki ya wenyeji juu ya dhahabu yao. Tarehe 1 Machi 2017 wafanyakazi watano wa Namoya walitekwa, kati yao Mfaransa mmoja na Mtanzania mmoja. Mfaransa aliachiliwa mwisho wa Mei. Julai 2019 wengine wanne walitekwa, Mwafrika Kusini, Mzimbabwe na Wakongo wawili. Septemba ya mwaka huo kampuni ikasimamisha kazi.

Watu wa ulinzi walishinda, basi? Uliza mama za Salamabila. Médecins Sans Frontières walikuja kufanya kazi kule, na kati ya wagonjwa wao walikuwa wanawake wengi waliobakwa na watu wenye silaha, njiani kwenda shamba au ndani ya nyumba zao. Wataalamu wa ONU nao waliandika kwamba wenye bunduki walikuwa wanapata faida ya dhahabu. Yaani aliyeondoa mkono mmoja mfukoni mwa mchimbaji aliingiza wa kwake. Mama mmoja muuza maharage alitueleza kwa kifupi: « Ulinzi tunaulipaka kila siku. Kulindwa ndiyo hatujaona. »

Serikali nayo imewahi kulitumia neno hili kwa sauti kubwa. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, akisema kuna mafia ndani ya biashara ya madini. Hapo alisema kweli. Wataalamu wa ONU walikuwa wamekwisha kuandika juu ya mitandao ya uhalifu ndani ya jeshi lenyewe. Lakini angalia nani aliadhibiwa. Kwa miezi sita, mpaka Machi 2011, mchimbaji alikatazwa shimo. Watoto walirudishwa kutoka shule kwa kukosa minerval, maduka ya Kasongo yakafunga, na dhahabu ikaendelea kutoka usiku, kwa bei ya chini zaidi, na askari waliokuwa na mashimo yao wakabaki nayo.

Na katikati ya miezi ile ile, mkono wetu ukiwa umefungwa, ikatokea Goma filamu ambayo hakuna mtu aliyeiandika. Februari 2011 ndege ya kifahari kutoka Marekani ilitua Goma kununua dhahabu. Waliahidiwa zaidi ya kilo 400. Mauzo yalikuwa yameanzia Nairobi, kule ambako dhahabu ya bandia ni kazi ya watu wengi, kisha wakaambiwa mzigo uko Goma. Walileta dola zaidi ya milioni 6. Mtu wa upande wa pili, kwa mujibu wa ripoti ya wataalamu wa ONU, alikuwa jenerali Bosco Ntaganda, ambaye wakati ule alikuwa akitafutwa na mahakama ya La Haye huku akitembea Goma bila wasiwasi. Ndege ikakamatwa. Watu wake walizuiwa wiki kadhaa, ikalipwa faini ya dola milioni 3, wakarudi kwao mwezi wa Machi. Dhahabu hawakuipata. Ntaganda alihukumiwa miaka 30 mwaka 2019, lakini kwa maovu ya Ituri ya 2002 na 2003. Juu ya dhahabu ya Goma hakuna hukumu aliyopewa.

Fikiri: mwezi uleule, kijana wa Kabambare akikutwa na gramu mbili mfukoni alikuwa mhalifu.

Hiyo ndiyo tofauti tunayoiona kati ya video na maisha. Kwenye video mkubwa ana sura, ana kofia, ana jina, na mwisho anaanguka. Kwenye maisha anayeanguka ni wa chini, na mkubwa hata hujui kama ni mtu mmoja. Filamu mbili za kwetu Afrika zimekaribia ukweli, na tunawashauri wenye vyumba vya video wazitafute. Viva Riva! ya Mkongo mwenzetu Djo Munga, ya mwaka 2010, inahusu petroli ya magendo Kinshasa: Riva anarudi kutoka Angola na mzigo wa kuiba, na kila anayemgusa, hata mwanajeshi, hata mtu wa kanisa, anataka fungu. Riva hafiki mbali. Nyingine ni Nairobi Half Life ya 2012, ya David Gitonga, na hiyo haihitaji mtafsiri sana, maana wanasema Kiswahili na Sheng. Mwas anatoka kijijini na ndoto ya kuwa mwigizaji, anajikuta ndani ya genge la wezi wa magari. Polisi wanakula pamoja na genge mpaka siku wanapoamua kulimaliza. Kijana wa machimbo akiiona hiyo hataruka juu ya kiti. Atanyamaza, tunadhani.

Lakini tusiwalaumu watazamaji wa Kasongo peke yao. Italia kwenyewe, karibu na Napoli, mkubwa mmoja wa Camorra, Walter Schiavone, alijijengea nyumba kwa kuiga ile ya Tony Montana, nguzo na ngazi zote. Roberto Saviano aliieleza katika kitabu chake Gomorra, cha 2006, na kwa kitabu hicho anaishi chini ya ulinzi wa polisi mpaka leo. Kitabu kikafanywa filamu mwaka 2008, na baadhi ya waliocheza ndani yake wakaja kukamatwa kwa uhalifu wa kweli. Mwizi anatazama filamu, filamu inamtazama mwizi, hatujui tena nani ni mwalimu.

Kuna kitu kimoja, lakini, ambacho filamu hazipendi kuonyesha kwa sababu hakina kelele. Al Capone wa Chicago, ambaye Scarface ya kwanza, ile ya 1932, ilichukua mfano wake, hakuanguka kwa risasi. Mwaka 1931 alihukumiwa miaka 11 kwa kutolipa kodi, na ushahidi ulikuwa madaftari ya hesabu ya nyumba zake za kamari. Hakimu Giovanni Falcone wa Palermo naye alifanya kazi hivyo: aliomba benki cheki na karatasi, akafuata pesa kutoka mkono hadi mkono, mpaka kesi kubwa ya 1986 ambapo watu zaidi ya 400 walisimama mbele ya mahakama. Ndiyo maana walimwogopa kuliko polisi wenye bunduki, wakamlipua barabarani tarehe 23 Mei 1992, yeye, mke wake na walinzi watatu.

Kwetu, karatasi ndiyo inakosekana. Code ya mines ya 2002, iliyorekebishwa 2018, iko wazi: mwanajeshi, polisi, hakimu na mfanyakazi wa serikali hawaruhusiwi kuwa na haki ya kuchimba, kifungu cha 27 kinasema hivyo. Mchimbaji anatakiwa kuwa na carte yake na kuwa ndani ya koperative, na mnunuzi awe na carte yake vilevile. Tumeuliza wachimbaji kumi na wawili waliokuwa wanangoja pikipiki kwenda Kabambare kama wamewahi kumwomba mnunuzi aonyeshe carte. Walitutazama kama watoto. « Ukimuuliza, kesho rasio ya shimo inakatika, » mmoja akasema, na huyo alikuwa mkubwa wao kwa umri. Tulimwuliza pia deni lake ni kiasi gani. Hakujua. Tajiri ndiye anajua.

Mke wake alikuwa pale, amekaa juu ya mfuko wa unga. Akasema yeye anajua. Akatoa kwenye kitambaa daftari la mtoto wa shule ya msingi, kurasa za nyuma zimeandikwa kwa kalamu ya bluu na baadaye nyekundu: siku, kilo za unga, lita za mafuta, buti, dawa ya mtoto, halafu upande mwingine gramu zilizopelekwa kwa tajiri na bei aliyoitaja siku hiyo. Miezi kumi na minne. Kwa hesabu yake deni lilikwisha tangu msimu wa mahindi, na tajiri ndiye anadaiwa.

Bwana yake alilitazama daftari kama kitu kinachoweza kuwaka. Wenzake wakasogea mmoja mmoja, mmoja akaomba asomewe ukurasa wa bei. Mama akasoma. Wawili walianza kuhesabu kwa vidole. Pikipiki ilipofika hakuna aliyepanda haraka, na dereva akaanza kupiga honi.